Kazi ya Kurudia

4 Machi
42.6. Daktari ameniagiza niandike uzito wangu kila asubuhi, apate kujua ninavyokwisha. Hakuniagiza niandike kingine, lakini daftari ni kubwa kuliko agizo lake, na mimi tangu shule sijui kuacha ukurasa mtupu. Mvua imeanza leo. Mkwe wangu amenipandisha juu ya mizani ya bafuni kama gunia, akasoma, akanishusha. Nikamwambia amesoma akiwa amesimama upande. Akasema, "Basi jisomee mwenyewe, Mama." Anajua siwezi kuinama.

5 Machi
42.6. Chai ya baridi.

6 Machi
42.5. Chai ya baridi tena. Mara ya kwanza ilikuwa bahati mbaya.

9 Machi
42.5. Mwanangu amepiga simu kutoka mgodini anakofanya kazi. Hurudi kila baada ya miezi mitatu, akalala siku nne, akaondoka. Alinipa pole kwa dakika moja, kisha akaniomba nisimsumbue mkewe. Kumbe nimeshitakiwa. Basi na mimi namwandika mshitaki wangu, nikifa pasibaki maelezo ya upande mmoja.

Ana miaka arobaini na minne. Ana mikono mizuri, hilo nalikubali, na uso kama mlango wa ofisi saa ya kufunga. Ni fundi ugezi. Ugezi ni kazi ya kukilinganisha kipimo na kipimo bora kuliko chenyewe: mizani ya duka na mawe yetu ya mizani, pampu ya petroli na ndoo iliyothibitishwa, kipimajoto cha friji ya chanjo na kipimajoto chetu. Niliifanya kazi hiyo miaka thelathini na mmoja, na tisa ya mwisho nilikuwa Mkuu wa Ugezi, mwenye ofisi ya juu na mshahara wa wahandisi. Yeye alikuja kuajiriwa chini yangu, akampata mwanangu kwenye ngazi za maabara siku kijana huyo aliponiletea chakula. Sikumpenda tangu ngazi zile.

Yuko daraja la tatu. Yuko hapo mwaka wa kumi na nne sasa. Fundi ugezi hapandi zaidi ya hapo, hata akipima kwa pumzi.

11 Machi
42.4. Nesi amekuja kunichoma sindano. Akamuuliza mkwe, "Na wewe unafanya kazi gani, dada?"

"Fundi ugezi."

"Ndiyo kazi gani hiyo?"

"Ndiyo inayofanya presha uliyompima Mama sasa hivi iwe presha."

Nesi akacheka, kisha akaona kwamba hakuna mwenzake aliyecheka. "Inalipa?"

"Fundi friji wa mtaani ananizidi. Yule anayeifungua friji ya chanjo kwa nyundo. Mimi ndiye ninayemwambia kwamba ameiharibu."

Nilitaka kucheka, nikajizuia. Asije akadhani tumekuwa marafiki.

12 Machi
Leo mkwe ameigeza mizani ya bafuni. Alipima madumu mawili matupu, akayajaza maji lita arobaini kwa chupa ya maabara, akayapandisha, akashusha, akapandisha. Mara kumi, magoti yakiwa kwenye maji. Akatoa uzito wa madumu. Mizani inasema 41.3 mahali pa 40. Inanizidishia kilo moja na nukta tatu. Kwa hiyo mimi si 42.4, ni 41.1, na dozi ninayochomwa ni ya mtu mwingine mnene kidogo. Amempigia nesi, nesi amenuna: "Siku hizi mmekuwa madaktari?" Mkwe akamsomea tarakimu zote kumi mpaka akanyamaza.

Nimefurahi. Si kwa kupungua. Ni miaka mingi sijaona mtu akirudia kitu mara kumi kwa ajili yangu.

13 Machi
41.1. Chai ya baridi.

18 Machi
41.0. Mvua imepiga mchana kutwa. Mafundi watatu wamekuja kukaa mezani kwetu na makaratasi yao. Wawili ni vijana, siwajui. Wa tatu namjua mno. Tunamwita Nukta, kwa kuwa maisha yake yote amegombana na watu kwa ajili ya tarakimu zilizo kulia kwa nukta. Mwisho wa Mei anatimiza miaka sitini, anastaafu akiwa daraja la tatu, daraja alilolifikia akiwa na thelathini.

"Shikamoo, Bosi," akaniambia.

"Marahaba. Bado wapumua?"

"Napumua kwa mujibu wa daraja langu. Polepole."

Niliketishwa nao mezani, kwa sababu mtu asiyeweza kuinuka hawezi kufukuzwa. Mafundi wote thelathini na wanane wamepeleka ombi kwenye kamati ya mishahara: wafunguliwe ngazi mpaka daraja la sita, kama kada nyingine. Mwajiri amejibu. Mkwe akaisoma barua kwa sauti, nami nikiwa na kipande cha mkate mdomoni.

"'Muundo wa kada hii uliandaliwa na mtaalamu wa kada yenyewe, aliyethibitisha kuwa kazi ya fundi ugezi ni kazi ya kurudia, isiyohitaji uamuzi, hivyo haistahili ngazi zaidi ya daraja la tatu.'"

"Mtaalamu wa kada yenyewe," akasema Nukta. "Kikulacho." Methali hakuimaliza.

"Si atakuwa ameshakufa huyo?" akauliza kijana mmoja.

"Mtu wa namna hiyo hafi upesi. Anavuta pumzi za watu thelathini na wanane." Kisha akanigeukia. "Bosi, wewe ulikuwepo. Ni nani aliandika? Karatasi haina jina."

"Ni miaka ishirini na miwili," nikasema. "Sikumbuki hata niliyekula naye leo."

"Umekula na mimi," akasema mkwe.

Wakajadiliana. Kamati hukaa kila mwezi, na uamuzi wake huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Shauri lao limepangwa tarehe tatu Aprili. Nukta akasema wakienda bila kumpata aliyeandika sentensi ile, aikane mwenyewe, watashindwa, na shauri likishindwa halisikilizwi tena kwa miaka mitano. Waombe lisogezwe hadi tarehe kumi na mbili Mei, wamtafute.

Mkwe akahesabu kwa vidole. "Mei itaanza kazi Juni mosi. Wewe unatoka thelathini na moja Mei. Utastaafu siku moja kabla, na pensheni inakokotolewa kwa daraja la mwisho."

"Najua kalenda."

"Basi twende Aprili."

"Mwende Aprili mikono mitupu mshindwe wote, kwa ajili ya mzee mmoja? Sogezeni."

Wakasogeza. Nilikuwa pale. Mkate ulikuwa bado mdomoni.

19 Machi
41.0. Niliiandika mimi.

22 Machi
40.9. Nimekaa siku tatu nikiitazama sentensi ya juu. Fupi, lakini nzito.

Anayesoma haya huenda hajawahi kuingia chumba cha mizani, basi nimweleze ubaya wa nilichoandika. Jiwe la kilo hupimi mara moja. Unalishika kwa koleo, kwa kuwa hata alama ya kidole ina uzito. Unaliweka, unasubiri, unasoma, unaliondoa. Unarudia mara kumi. Tarakimu kumi hazilingani kamwe. Kutolingana kwake ndiko kunakokuambia habari za mizani, za chumba, na zako wewe. Mara ya saba mtu anafungua mlango wa korido, tarakimu inaruka. Uibakize au uifute? Ukiibakiza umeharibu wastani, ukiifuta huenda umefuta ukweli. Hapo hakuna bosi wa kumuuliza. Uko peke yako na koleo. Kurudia ndiko kuamua kwenyewe, na mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote aliyewahi kushika kalamu katika jengo lile. Kwenye ukuta wa maabara kuna maneno niliyoyaandikisha mwenyewe kwa rangi: MARA MOJA SI KIPIMO. Bado yapo, mkwe huniambia. Huyapaka upya kila mwaka.

26 Machi
40.9. Mkwe amenibadilishia shuka. Nilimwambia amekunja vibaya pembe. Akasema, "Ni kazi ya kurudia, Mama, haihitaji uamuzi." Akatoka. Nimeisikia sauti yake ikienda mpaka jikoni.

29 Machi
40.7. Mvua.

30 Machi
40.7. Mvua. Ukuta wa chumba changu umetoa jasho.

3 Aprili
40.5. Leo ndiyo ilikuwa siku ya shauri lao la awali. Saa tatu nilisikia mkwe akiondoka kwenda kazini kama siku zote. Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema juzi. Nilifanya ubaya mmoja miaka ishirini na miwili iliyopita, kisha Machi nikaufanya tena na mkate mdomoni. Sasa siwezi tena kusema nilipitiwa. Mara moja ungeweza kuwa mkono umeteleza.

8 Aprili
40.2. Nimemwambia.

Alikuwa ananipaka mafuta miguuni. Nikasema, "Sentensi ile niliiandika mimi." Hakuinua kichwa. Akamaliza mguu wa kulia, akafuta mikono kwa taulo, kidole kwa kidole, kama mtu anayejiandaa kushika jiwe.

"Endelea," akasema.

Nikamweleza. Nilisema Mkurugenzi wa wakati ule aliniita ofisini kwake, akiwa amekaa, akaniamuru niandike muundo wa kada kwa bei ndogo kadiri iwezekanavyo. Nilisema sikuwa na la kufanya. Nilisema nilikuwa mjane mwenye mtoto chuoni. Nilisema mengi. Sauti yangu ilikuwa tamu, hata mimi niliisikia.

Akainuka, nikadhani anakwenda kulia. Akarudi na daftari lake la kazini na kalamu. Akaandika muda mrefu.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Siku ile barua inasomwa, wote walikasirika. Wewe ulikoma kutafuna."

"Mbona hukusema?"

"Kuona mara moja?" Akafunga daftari. "Mara moja si kipimo, Mama. Wiki ijayo utanieleza tena."

9 Aprili
40.2. Chai ya baridi, bila sukari.

15 Aprili
39.8. Nilieleza tena. Alikaa mbali kidogo, daftari magotini, akilinganisha. Nilipomaliza akasema, "Tarehe nane Mkurugenzi alikuwa amekaa, akakuamuru. Leo alikuwa amesimama dirishani, akakuuliza maoni yako. Amri na maoni havilingani. Hii tofauti ni kubwa mno."

"Nimezeeka."

"Sijaandika kwamba wewe ni kijana. Nimeandika kwamba kifaa hakijatulia. Tutarudia."

Nilimwita mchawi. Nilimwita mwizi wa mwana. Akaniuliza kama hayo ni sehemu ya maelezo, ayaandike.

Nukta alikuwa mlangoni na karatasi za shauri, sijui tangu lini. Hakunisalimia. Aliniangalia jinsi tunavyoangalia jiwe lililodondoshwa sakafuni.

17 Aprili
39.8. Sikula. Si maradhi, ni hasira.

18 Aprili
39.5. Sikula. Mkwe amesema, "Gomea chakula ukipenda, ila nitaandika kwamba uzito wa leo ni wa mgomo." Nimekula.

23 Aprili
39.4. Mara ya tatu. Nayaandika hapa kama nilivyoyasema, kwa kuwa hayatabadilika tena.

Mkurugenzi hakuniita. Hakuamuru, hakuuliza. Nilimpelekea karatasi mwenyewe, Jumatatu asubuhi, kabla hajavua koti la mvua. Ilijulikana kwamba kutaundwa kiti kimoja cha Mkuu wa Ugezi. Ilijulikana pia kwamba, ngazi zikifunguliwa mpaka daraja la sita, fundi wa daraja la sita angeweza kukiomba. Kulikuwa na fundi mmoja tu wa kuogopwa. Mimi nilikuwa na shahada. Nukta alikuwa na mikono.

Wiki moja kabla, tulipima jiwe lilelile la kilo, mimi na yeye, mara kumi kila mmoja, kwenye mizani ileile. Tarakimu zangu zilitawanyika mara mbili ya zake. Hakunicheka. Hilo ndilo sikuweza kulisamehe: alinionyesha kwa upole kwamba ninashusha koleo mapema, kama mtu anavyomwonyesha mwanafunzi. Nikaenda nyumbani nikaandika kwamba kazi ile haihitaji uamuzi, yaani mikono si kitu. Nililenga mtu mmoja. Katika mmoja huyo wakaingia thelathini na saba wengine, na akaja akaingia mke wa mwanangu, na mimi nikamwona akiingia, nikiwa ofisi ya juu, nikamwacha. Miaka tisa nilikuwa na uwezo wa kuifuta sentensi ile kwa barua moja. Niliipitisha kila mwaka na kuiwekea saini ya ukaguzi. Ndiyo, mwaka kwa mwaka. Hakuna kazi niliyoirudia kwa uaminifu zaidi.

Mkwe aliandika mpaka mwisho. Kisha akanisomea yote, akaninyooshea kalamu. Niliweka saini, naye hakunishikia mkono.

Vyeti vyetu vya ugezi vina mstari wa mwisho tunaouita shaka: hapo mpimaji husema ni kwa kiasi gani anaweza kuwa amekosea. Asiyeandika shaka ni mwongo. Nikaomba kalamu tena, nikaandika: "Shaka: sijui kama ningesema haya ningekuwa bado na nguvu za kusimama."

"Umenisamehe?" nikamuuliza.

"Sijakusamehe, Mama. Nimekupima tu."

24 Aprili
39.4. Nimelala mchana kutwa.

2 Mei
38.9. Mwanangu amekuja siku zake nne. Ameambiwa. Amekuwa mpole mno kwangu, kama mtu anayeongea na benki. Afadhali chai ya baridi ya mkewe.

12 Mei
38.6. Wamekwenda. Karatasi yangu imekwenda ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua.

13 Mei
38.6. Mkwe amesema ilisomwa yote, kwa sauti, na shaka yake. Mwenyekiti aliuliza, "Huyu bibi yuko hai?" Nukta akajibu, "Kwa sasa." Watu wakacheka. Mkwe naye alipokuwa akinisimulia alicheka, kisha akakumbuka anamsimulia nani.

19 Mei
38.4. Uamuzi umetoka. Sentensi imefutwa. Ngazi zimefunguliwa mpaka daraja la sita. Mkwe anapanda la nne kuanzia Juni mosi, na akifaulu mtihani ataomba la tano mwakani. Vijana wale wawili wameruka na kupiga kelele uani kwenye mvua kama watoto.

Nikamuuliza, "Na Nukta?"

"Juni mosi, Mama."

"Hawakuweza kumhesabia siku moja?"

"Kamati imesema siku ni siku." Alikuwa anaosha sahani. Alisugua moja mpaka ikapasuka mikononi mwake. "Kikao cha Aprili kingeanza kazi Mei mosi. Angekuwa na mwezi mzima katika daraja la nne, na pensheni yake ingefuata. Wewe ulikuwa umekaa hapo. Kiti hicho hicho."

Aliokota vipande kimoja kimoja, akavipanga mezani kwa ukubwa. Mazoea ya kazi.

20 Mei
38.4.

21 Mei
38.4. Mizani imegoma au mimi.

27 Mei
38.1. Mvua inakatika, inarudi, inakatika. Nimemwomba mkwe amwite Nukta. Amesema, "Mwenyewe umwite." Nimepiga. Simu ililia mpaka ikachoka.

31 Mei
38.0. Leo amestaafu. Mkwe anasema walimpa saa ya ukutani. Aliishika, akaitegea sikio, akasema inachelewa sekunde nne kwa siku, akauliza kama ina cheti.

2 Juni
37.9. Jua kali. Nukta amekuja saa nne asubuhi, bila kubisha hodi. Hakusema shikamoo. Hakuniita Bosi. Akavuta kiti mpaka karibu na kitanda, akaketi.

"Wewe bibi," akasema, "nimekuja kukutukana."

"Tukana."

Amenitukana. Nimeishi miaka sabini na mitatu, na sijawahi kusikia kazi iliyofanywa kwa uangalifu namna ile. Hakupayuka. Aliniita mchwa aliyekula ngazi akiwa juu yake. Alisema nilimwonea wivu wa mikono, basi niitazame yangu sasa. Alinitajia mkewe, aliyefariki akisubiri nyumba ambayo daraja la nne lingewajengea. Alinitajia mwaka baada ya mwaka, vijana aliowafundisha wakaondoka kwenda kuuza simu kwa sababu simu inalipa, na kila mmoja alikuwa na jina na kosa lake la mkono alilokuwa amemrekebisha. Alipofika mwaka wa kumi na sita sauti ilimpotea, akakomea hapo.

Mkwe alikuwa mlangoni, hakuingilia.

Sikuomba radhi. Radhi ingekuwa wizi mwingine, ningemnyang'anya hata hasira yake. Nilimwambia neno moja tu nililokuwa na haki nalo, kwa kuwa ni langu na nililiandikisha ukutani.

"Mara moja si kipimo."

Nilidhani atanipiga, na nafikiri naye alidhani hivyo. Akachukua kofia yake. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, "Kesho saa nne nitarudia. Nimebakiza miaka sita."

3 Juni
37.7. Saa nne kasorobo. Nimemwomba mkwe aniketishe wima na mlango auache wazi. Ameleta kiti, amekisogeza karibu kuliko jana. Chai leo ni ya moto. Si yangu, ni ya mgeni, lakini mvuke wake unanifikia.